Jinsi ya kusoma FBP ya mzazi wako aliyezeeka, pamoja na sukari na kitambi chake

Nianzie kwenye mfuko wa mama. Mama yangu anatunza karatasi zake zote za hospitali kwenye mfuko mmoja wa rambo, ile ya zamani kabla hazijapigwa marufuku, ameukunja akaufunga na kipande cha kanga, unakaa juu ya kabati kule nyumbani Muheza. Mwaka 2023 nilienda kumsalimia nikamkuta halali usiku, miguu inawaka, anasema "mwanangu ni kama mtu ananichoma pini nyayo nzima", na kila alikoenda ameambiwa ni uzee mama, uzee na sukari. Basi nikaushusha ule mfuko nikaumwaga wote mkekani.

Ndani kulikuwa na karatasi nne za FBP, kile kipimo cha kuhesabu chembe za damu, za 2017, 2019, 2021 na 2023, kila moja imetoka sehemu yake. Nikazipanga kwa tarehe. Damu yake, ile inayoandikwa HGB, ilikuwa 12.9 alafu 12.4 alafu 11.6 alafu 10.3. MCV, yaani ukubwa wa chembe nyekundu, ilikuwa 91, 96, 102, 109. Ukiishika moja moja huoni kitu, ya kwanza na ya pili hazina hata alama, ya tatu ina vile viherufi L (iko chini) na H (iko juu) ila hakuna aliyevifuatilia, akaandikiwa FEFO, vile vidonge vya chuma vya kuongeza damu, akarudi nyumbani. Lakini ukizilaza zote nne mkekani unaona kabisa damu inashuka na chembe zinavimba mwaka hadi mwaka, na huyu mama anameza metfomini tangu 2014. Metfomini ni dawa nzuri ya sukari, ila ikitumika miaka mingi inafanya vitamini B12 isifyonzwe vizuri tumboni, na B12 ikipungua chembe nyekundu zinakuwa kubwa na chache na mishipa ya fahamu ya miguu inaanza kuharibika. Tena ile FEFO ndani yake kuna foliki asidi, ambayo inaweza kuifanya damu ionekane haina shida sana huku mishipa inaendelea kuumia chini kwa chini. Alipopimwa B12 ikaonekana imeshuka mno, akaanza sindano, damu ikapanda, usingizi ukarudi, lakini ganzi ya vidole vya miguu haijaisha mpaka leo.

Kazi yangu mimi ni maabara. Miaka kumi na nne nashika tyubu za watu na karatasi za mama yangu mwenyewe nilikuwa sijawahi kuziomba nizione. Ndo maana naandika hii, kwa yeyote mwenye mzazi au babu au shangazi wa miaka 60 kwenda juu, hasa mwenye sukari, presha au kitambi. Na kama utashika kitu kimoja tu humu, shika hiki: namba za mzee zilinganishe na namba zake mwenyewe za nyuma, usiishie kwenye zile za kawaida zilizoandikwa pembeni ya karatasi.

Kabla hamjatoka nyumbani

FBP ndo jina tunalotumia Tanzania, Kenya wanaita hemogramu, kipimo ni kile kile cha kuhesabu chembe za damu. Hiki hakihitaji mtu akae na njaa. Kinachohitaji njaa ni sukari ya asubuhi na mafuta ya damu, na hapo mzee asile kama masaa nane, maji ya kunywa anywe, na anywe kweli, maana mzee aliyekauka mishipa haionekani anachomwa mara tatu, na damu ikiwa nzito kwa kukosa maji HGB inapanda uongo.

Sasa hapa watu wanakosea sana. Mzee anaamka saa kumi na moja, hali kitu, mnapanda daladala, mnafika foleni imeshajaa, mpaka anatolewa damu ni saa sita mchana, na vidonge vya sukari ameshameza asubuhi. Huyo anaweza kudondoka kwenye benchi. Vidonge vya sukari asimeze kabla hajala siku hiyo, ulizeni mapema daktari anataka mfanyeje, na mkifika nendeni moja kwa moja dirisha la wazee msione haya. Beba chakula, yai la kuchemsha na kiazi au chochote anachopenda, ale akishatolewa tu.

Angalia na tyubu. Ya FBP ina kizibo cha zambarau, ndani kuna dawa ya kuzuia damu isigande, na ikishajazwa inageuzwa juu chini taratibu kama mara nane au kumi, haitikiswi kama chupa ya dawa ya kikohozi. Ya sukari ina kizibo cha kijivu. Hii ya kijivu ina sababu yake, chembe za damu zikiwa kwenye tyubu bado ziko hai na zinaendelea kula sukari, kama hamna ile dawa ya kuzizuia sukari inashuka asilimia 5 mpaka 7 kila saa. Kwa iyo sampuli ikikaa mezani masaa mawili kwenye tyubu isiyo yake, sukari ya 7.4 inakuja kutoka 6.5 na mzee anaambiwa yuko salama. Kama kituo chenu hawana ya kijivu, omba kwa upole damu ipimwe hapo hapo, sisi wa maabara mtu akituuliza vizuri tunafurahi.

Na umwambie anayempima kama mzee alikuwa na homa wiki iliyopita, kama aliongezwa damu, kama amechomwa sindano ya magoti. Hizi sindano za magoti nyingi ni steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe, na steroidi inapandisha chembe nyeupe na inapandisha sukari, zote kwa pamoja. Hivyo hivyo kuna dawa za maungo za mtaani zinauzwa kama mitishamba na ndani zimechanganywa steroidi. Nimeshaona mzee sukari 17 na chembe nyeupe 14, hana homa hana kidonda, kumbe ni vidonge vya mgongo vya kwenye bahasha alivyonunua stendi.

Karatasi imetoka

Usianze na alama za H na L. Anza na vitu vinne tu, HGB, MCV, WBC na PLT, vingine vitafuata.

HGB ndo "damu" ile ambayo watu wanasema "damu yake ina nane". Shirika la Afya Duniani linahesabu upungufu kuanzia chini ya 13 kwa mwanaume na chini ya 12 kwa mwanamke. Kama mzee anaishi juu kama Njombe au Makete mwili unaongeza damu kidogo kwa sababu hewa ni nyembamba, kwa iyo 12.1 ya bibi wa Makete na 12.1 ya bibi wa Tanga hazina uzito sawa, ya Makete iko chini zaidi.

MCV kawaida ni 80 mpaka 100. Hii namba naipenda kuliko zote kwa wazee kwa sababu inakwambia damu inapungua kwa njia gani. Ikiwa chini ya 80 fikiria madini chuma, na kwa mtu mzima wa miaka 60 madini chuma kupungua mara nyingi maana yake kuna mahali damu inavuja. Ikiwa juu ya 100 fikiria B12, foliki, pombe, ini, tezi la shingo, na dawa. Ikiwa katikati huku HGB iko chini fikiria figo na magonjwa ya muda mrefu. Sio sheria ya kukata na shoka, mtu anaweza kuwa na upungufu wa chuma na wa B12 kwa pamoja, chembe ndogo na kubwa zikachanganyika, MCV ikatoka 90 safi kabisa, hapo ndo unaangalia RDW ambayo inaonyesha kama chembe zinatofautiana ukubwa, ikizidi 14.5 hivi huenda kuna mchanganyiko.

PLT ni chembe sahani, zile za kugandisha damu, 150 mpaka 400 au 450. Malaria inazishusha. Na wakati mwingine zinashikamana ndani ya ile tyubu ya zambarau mashine ikahesabu chache, kwa iyo kama imetoka 60 na mzee hana hata alama ya kuvilia damu, kabla hamjalia omba iangaliwe kwenye darubini.

Chembe nyeupe na kitambi

Hapa nataka nikae kidogo maana ndo pasipoangaliwa. WBC, chembe nyeupe, karatasi nyingi zinaandika kawaida ni 4 mpaka 11. Tukiona 9 tunasema sawa, hamna maambukizi, tunafunga karatasi.

Kwanza, hiyo 4 mpaka 11 imetoka zaidi kwa watu wa Ulaya na Marekani. Sisi watu wengi wa Afrika tumezaliwa na badiliko la vinasaba linaloitwa Duffy, lile lile linalokinga na malaria ya aina ya vivax, na watu wenye nalo wanakuwa na nyutrofili, aina mojawapo ya chembe nyeupe, chache kwenye damu maisha yao yote na ni wazima kabisa. Kwa iyo babu mwenye WBC 3.4 inayotoka 3.4 kila mwaka sio mgonjwa, hiyo ndo yake, usimhangaishe. Lakini babu huyo huyo mwaka huu akitoa 7.8, karatasi haitaweka alama yoyote, mashine inaona iko katikati, wakati kwake yeye zimeongezeka zaidi ya mara mbili. Bila karatasi za nyuma hakuna daktari duniani atakayeliona hilo.

Pili ni kitambi chenyewe. Mafuta ya chini ya ngozi hayana ubaya sana, ila yale ya ndani yanayozunguka ini na utumbo ni kama kiwanda. Seli za mafuta zikijaa kupita kiasi zinaumwa, zinaita chembe nyeupe zije, zikija zinamwaga kemikali za uvimbe, kemikali hizo zinaingia kwenye damu, nyingine zinafika kwenye uboho wa ndani ya mifupa, unakotengenezwa damu, na kuuamuru utoe chembe nyeupe zaidi, nyingine zinafika kwenye misuli na ini zinafanya insulini isisikilizwe. Ni moto mdogo, wa makaa, hauleti homa. Ndo maana tafiti nyingi za wazee, zikiwemo za Taiwan na Japani, zimekuta wale wenye WBC za juu juu ndani ya kawaida ndo hao hao wenye sukari, presha, mafuta na kiuno kikubwa zaidi kuliko wale wa chini. Hiyo haimaanishi WBC ni kipimo cha kisukari, hapana, sigara inazipandisha, jino bovu linazipandisha, kidonda cha mguu kinazipandisha. Inamaanisha zikiwa zinapanda polepole miaka mitatu mfululizo na mzee haumwi, chukua futi ya fundi cherehani.

Futi ya fundi

Mzee asimame, apumue nje kawaida, ushike mfupa wa mwisho wa mbavu ubavuni na mfupa wa juu wa nyonga, katikati yake ndo unazungusha futi, kwenye ngozi, sio juu ya kanga wala shati. Kwa watu wetu kinachotumika ni sentimita 94 kwa mwanaume na 80 kwa mwanamke. Najua 80 kwa mama wa Kiafrika wengi wataona ni kidogo mno, hata mimi nadhani inahitaji busara, ila ndo kiwango kilichopo.

Kiuno ni kimoja kati ya vitu vitano. Vingine ni presha ikiwa namba ya juu inaanzia 130 au ya chini inaanzia 85, sukari ya njaa kuanzia 5.6, mafuta yale ya trigliseridi kuanzia 1.7, na kolestro nzuri ya HDL ikiwa chini ya 1.0 kwa mwanaume au chini ya 1.3 kwa mwanamke. Kama tayari anatumia dawa ya kimojawapo kinahesabika hata kama namba ni nzuri. Akiwa na vitatu kati ya vitano madaktari wanasema ana mkusanyiko wa shida za kimetaboli, kwa lugha ya nyumbani ni kwamba mwili umeanza kushindwa kuendesha chakula unachopewa, na njia ya kisukari na kiharusi imeshafunguka.

Usidanganywe na mzani. Mzee anapoteza misuli kila mwaka, mikono inakonda, mapaja yanakonda, na mafuta yanahamia tumboni, kilo zikabaki 64 zile zile za miaka kumi iliyopita. Watu wanamwambia "mzee wewe hunenepi, hongera", kumbe ndani pameshabadilika.

Kipimo cha sukari cha miezi mitatu kina mtego wake

Kile kipimo cha HbA1c, cha sukari ya miezi miwili mitatu, kinapima sukari iliyonata kwenye himoglobini, ile HGB ya ndani ya chembe nyekundu. Chembe nyekundu inaishi kama siku 120, kadri inavyozunguka ndo inavyookota sukari. Kwa iyo chochote kinachobadilisha umri wa chembe kinaharibu jibu. Mzee aliyevuja damu, aliyeongezwa damu, au ambaye chembe zake zinavunjika haraka kama wenye selimundu, ana chembe changa ambazo hazijapata muda wa kuokota, HbA1c inatoka chini, ya uongo. Mzee mwenye upungufu wa chuma inakuwa kinyume, chembe zinakaa muda mrefu na jibu linatoka juu kuliko ukweli. Hata mtu anayebeba tu kinasaba cha selimundu, na huku kwetu ni wengi, baadhi ya mashine zinachanganyikiwa.

Kuna mzee mmoja alikuja, HbA1c 5.8, anashangilia kabisa, nyumbani wanampima kidoleni inasoma 13, 14, wakaamua kimashine cha nyumbani kimekufa. Kumbe wiki sita nyuma aliongezewa chupa mbili za damu, kimashine kilikuwa kizima. Sheria yangu ni kwamba HbA1c ya mzee haisomwi bila FBP pembeni, na zikipingana amini kidole cha kila siku mpaka ijulikane sababu.

Na kiwango cha mzee sio cha kijana. Mzee mwenye nguvu zake anaweza kulenga chini ya 7 au 7.5, ila yule dhaifu mwenye magonjwa mengi hata chini ya 8 inatosha, kwa sababu sukari kushuka sana kunamuua mzee haraka kuliko kupanda kidogo. Kama anatumia glibenklamidi na ameanza kula kidogo au figo zimechoka, ongea na daktari wiki hii hii, dawa ile inashusha sukari kwa muda mrefu na wazee wengi wamekutwa asubuhi hawajitambui.

"Damu imepungua ni uzee tu"

Hapana. Naomba sana hii sentensi tuiache. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka 2004 ulikuta zaidi ya mtu mmoja kati ya kumi wa miaka 65 kwenda juu ana upungufu wa damu, na kama theluthi ilikuwa ni chakula, yaani chuma, B12 au foliki, theluthi nyingine figo na magonjwa ya muda mrefu, na theluthi ya mwisho haikupata sababu. Maana yake theluthi mbili sababu ilikuwepo, ikitafutwa inaonekana.

Kwa mwenye sukari anza na figo. Figo ndo zinatoa homoni ya kuuambia uboho utengeneze damu, sukari ikizichosha damu inapungua kabla hata miguu haijavimba, kwa iyo HGB ikishuka omba kreatinini na protini kwenye mkojo. Alafu muulize anameza nini kwa ajili ya maumivu. Diklofenaki ya magoti kila siku, pamoja na aspirini ya moyo, inatoboa tumbo taratibu, hasikii kitu, ila choo kinakuwa cheusi kama lami na kinanuka vibaya. Muulize rangi ya choo, hata kama ni baba mkwe, tafuta wa kumuuliza. (Vidonge vya chuma navyo vinafanya choo kiwe cheusi, kwa iyo uliza kabla hajaanza.) Mwanaume mzee mwenye MCV 72 asipewe FEFO akaachwa, atazamwe tumbo na utumbo mpana, maana ukimuongezea chuma damu inapanda kidogo, kila mtu anafurahi, na kidonda au uvimbe unaendelea kukua.

Alafu juisi. Damu ikishuka familia nzima inaanza, rozela, bitiruti, mtu anakuja na soda, mwingine na maziwa ya kopo. Rozela haina ubaya ila ile ya nyumbani jagi moja vijiko kumi vya sukari, mzee mwenye kisukari anakunywa glasi tatu kwa siku "kuongeza damu", wiki mbili baadaye sukari ni 19 na damu imebaki pale pale. Na kama tatizo ni B12, bitiruti haina B12 hata chembe, B12 inatoka kwenye vya wanyama tu, nyama, samaki, dagaa, mayai, maziwa. Mpe dagaa, maini mara moja kwa wiki, maharage, matembele au mchicha ukikamulia limau mezani, limau linasaidia chuma cha mboga kiingie. Chai isinywewe pamoja na chakula, ingoje kama saa moja, chai inakizuia kile chuma.

Daftari

Nunua kaunta buku. Kila kipimo kinapata mstari mmoja: tarehe, mahali, HGB, MCV, WBC, PLT, sukari ya njaa, HbA1c, kreatinini, presha, kiuno, kilo, na nafasi ya kuandika dawa anazotumia na kama alikuwa anaumwa siku hiyo. Hiyo nafasi ya mwisho usiiache, WBC 12 ya siku ya nimonia haifai kulinganishwa na chochote, subiri wiki mbili tatu apone upime tena. Piga picha kila karatasi siku hiyo hiyo, kwa sababu zile karatasi ndogo laini zinazotoka kwenye mashine kama risiti zinafutika, nilizikuta kwa mama mbili nyeupe kabisa. Ukiweza tumia maabara moja, mashine tofauti zinatofautiana kidogo na 0.3 ya HGB kati ya mashine mbili sio habari. Habari ni ikishuka mara tatu mfululizo, au ikishuka 1 nzima na zaidi kwa mkupuo.

FBP mara moja kwa mwaka inatosha kwa mzee aliyetulia, HbA1c kila miezi mitatu mpaka sita, na anayetumia metfomini miaka mingi apimwe B12 hasa miguu ikianza kuwaka au MCV ikianza kupanda hata kama haijafika 100.

Ukienda kwa daktari usiseme "tumekuja tu kuangalia". Sema hivi, "Daktari, MCV ya mama ilikuwa 91 mwaka 2017 sasa ni 109, HGB imeshuka kutoka 12.9 hadi 10.3, anatumia metfomini miaka tisa na miguu inawaka, tunaweza kuangalia B12?" Daktari ana foleni ya watu sitini, ukimpa hiyo sentensi umempa nusu ya kazi.

Vya kukimbiza bila kusubiri kliniki: HGB chini ya 7, au juu ya hapo ila anahema akitembea hatua chache, choo cheusi, chembe sahani chini ya 50 na anatoka damu puani au kwenye fizi, WBC zimepanda 30 na zaidi, au aina zote tatu za chembe zimeshuka pamoja. Na sukari chini ya 4 huku anatoka jasho au anaongea ovyo, hapo mpe maji ya sukari kwanza kama anameza, ndo mwanze safari. Kama hajitambui usimmiminie kitu mdomoni.

Kupunguza ule moto wa makaa hakuna dawa ya ajabu. Atembee dakika kumi na tano baada ya kula, hasa chakula cha usiku, misuli ikifanya kazi inachukua sukari hata bila insulini nyingi. Ainuke na kukaa kwenye kiti mara kumi, asubuhi na jioni, akishika meza kama anayumba. Ugali upungue, maharage na samaki vizidi. Na mpeleke kwa daktari wa meno, nasema hili kwa moyo wote, fizi zinazooza ni maambukizi ya kila siku, zinapandisha chembe nyeupe na zinaisumbua sukari, na wazee wetu wanakaa na visiki mdomoni miaka ishirini.

Mama sasa hivi HGB yake ni 12.3, MCV 93, WBC imetoka 8.9 ikashuka 6.7 baada ya kung'olewa visiki vitatu na kiuno kupungua sentimita nne. Kipimo kingine ni mwezi ujao, na mdogo wangu anayekaa naye nimeshamwambia karatasi ipigwe picha pale pale dirishani kabla haijaingia kwenye mfuko.